Tangi la lita 720 ukumbini: samaki gani wa Ziwa Tanganyika wakae pamoja?

Mapokezi_Mwanga

Wadau wa samaki wa mapambo, habari zenu. Naandika kutoka Mwanga, hapa Kigoma mjini, ambako ninaendesha nyumba ndogo ya wageni. Fundi wa vioo amenimalizia tangi lenye urefu wa sentimita 200, upana wa 60 na kimo cha 60, ambalo kwa hesabu linabeba lita 720 kabla mawe na mchanga havijachukua nafasi. Limewekwa ukumbini juu ya jukwaa la zege, limeshinda na maji wiki nzima bila kuvuja, na pampu mbili pamoja na chujio vinafanya kazi. Samaki bado hajaingia hata mmoja.

Ninachotaka ni kwamba mgeni anayeshuka kwenye treni awakute samaki wa ziwa hili hili, kwa sababu nimechoka kuwaona wageni wakipiga picha za ziwa kwa juu, kisha wakaondoka bila kujua chini yake mna nini. Nimekwisha kuandika orodha ya ninaowapenda: frontosa wa huku kwetu mwenye mistari saba, Tropheus duboisi, Cyprichromis leptosoma, Julidochromis, Neolamprologus brichardi, na vijana wawili au watatu wa kuhe, kwa kuwa mji mzima unamjua kuhe akiwa sahanini na ndimu pembeni, ila ni wachache waliomwona akiogelea. Jirani yangu naye ameshikilia kwamba niongeze mbuna wa Ziwa Nyasa ili rangi zikamilike.

Swali langu ni hili: kati ya hao, nani anaweza kukaa na nani bila kuliana wala kuuana, na kwa idadi gani? Pili, maji yetu ya bomba hutoka ziwani, lakini yametiwa klorini. Je, yanafaa, au ninunue dawa za kurekebisha maji? Naomba majibu ya waliofuga wenyewe, hata kama yatanivunja moyo.

Mzamiaji_Katonga

Ndugu yangu wa Mwanga, orodha yako inamfaa mtu mwenye matangi manne. Usivunjike moyo, maana hata hilo moja ulilo nalo ni kubwa kuliko ya wengi wanaouliza humu.

Nilizamia miaka tisa nikikamata samaki wa mapambo kwa ajili ya wasafirishaji, kwa hiyo nitakueleza jinsi nilivyowaona wakiwa kwao. Ukishuka kwenye mwamba mmoja tu wa ufuko wetu, hutawakuta samaki wamechanganyika kama watu wa mnadani. Kwenye maji machache ya juu, pale mawimbi yanapopiga mawe, ndipo walipo Tropheus na Eretmodus wakikwangua mwani unaoota juani. Ukisogea kidogo kutoka kwenye mwamba, Cyprichromis wamening'inia katikati ya maji kwa mamia, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, wakidonoa vijidudu vinavyoelea. Ndani ya nyufa kuna Julidochromis, kila jozi na ufa wake, na kuna Altolamprologus compressiceps, yule mwembamba kama aliyebanwa na mlango, ambaye hupenya mahali ambapo kidole chako hakipiti ili ale uduvi na vifaranga vya wenzake. Frontosa humwoni mpaka ufike mita ishirini au thelathini na zaidi, kwenye mwanga hafifu. Kwa hiyo unapouliza nani akae na nani, jiulize kwanza kila mmoja anakaa ghorofa gani na anakula nini. Rangi ije baadaye.

Tuanze na wa kuondoa. Kuhe, ambaye wataalamu humwita Boulengerochromis microlepis, ndiye mkubwa kuliko samaki wote wa jamii ya sikilidi duniani, yaani ndugu zake perege na sato, na hukaribia sentimita 80. Tangi lako lina upana wa sentimita 60. Kabla hajafika huko atakuwa amewamaliza wenzake, kwa kuwa chakula chake akishakua ni samaki. Mwache abaki sahanini.

Frontosa na Cyprichromis ni jambo ambalo nimelishuhudia kwa macho yangu. Tulipokuwa tukisubiri mzigo wa kusafirishwa, kijana mmoja aliwaweka frontosa wawili kwenye pipa la Cyprichromis kwa usiku mmoja tu, kwa hoja kwamba frontosa ni mpole, na kweli mchana ni mpole kama ng'ombe aliyeshiba. Alfajiri nilipofunua lile pipa kwa tochi, frontosa mmoja alikuwa ametulia chini, na mkia wa njano ulikuwa ukichungulia kwenye kona ya mdomo wake, ungali unapepea. Kumbe hata ziwani ndivyo afanyavyo: huwinda wakati wenzake bado wamelala au hawajaona vizuri. Ukimtaka frontosa, basi liwe tangi la frontosa: dume mmoja na majike watano au sita, mawe makubwa yenye mapango, mwanga mdogo, na uvumilivu, kwa kuwa hukua polepole, dume hufika sentimita 30, na anaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini.

Ungeniuliza mimi, ningeanza hivi: Cyprichromis leptosoma ishirini ili waijaze nusu ya juu, jozi moja tu ya Julidochromis regani kwenye rundo la mawe la upande mmoja, na compressiceps wanne au watano upande wa pili. Hao hawagombei ghorofa, wote hula vijidudu na uduvi, na hakuna mwenye mdomo wa kummeza mwenzake aliyekwisha kukua. Utashangaa pia kuona kwamba katika kundi moja la Cyprichromis madume wengine wana mkia wa njano na wengine wa buluu, ilhali ni samaki wa aina moja.

Neno moja kuhusu ununuzi. Usichukue samaki kwa mvuvi yeyote anayekuletea kwenye ndoo. Samaki aliyepandishwa haraka kutoka kwenye kina hutanuka mfuko wa hewa, akaelea kichwa chini miguu juu, kama angekuwa na miguu. Frontosa sisi tulikuwa tukiwapandisha kwa vikapu, hatua kwa hatua, kwa siku kadhaa. Vilevile kukamata samaki hai wa mapambo kunahitaji kibali, kwa hiyo pita ofisi ya uvuvi kwanza, na asikudanganye mtu kwamba atakuletea wa kutoka Gombe. Ile ni hifadhi.

Isevya_Tabora

Mzamiaji amesema kweli tupu kuhusu ghorofa. Mimi niongeze habari ya maji na ya tumbo, maana ndiyo yaliyoniadhibu.

Ndugu wa Kigoma, wewe umezaliwa tajiri bila kujua. Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi yaliyoyeyuka, na pH yake, kile kipimo cha uasidi, huwa kati ya 8.6 na 9.2, nayo hayabadiliki ovyo. Samaki wake wamezoea utulivu huo kwa vizazi visivyohesabika. Sisi huku Tabora tunapata maji laini zaidi, na mawe yetu ni matale, ambayo hata ukiyajaza tangi zima hayaongezi ugumu wowote. Nililazimika kuweka mfuko wa makombe ya baharini yaliyopondwa ndani ya chujio, na kila ninapobadilisha maji napima bikaboneti ya soda kwa kijiko, nikiiyeyusha kwanza kwenye ndoo. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unapokuwa na baridi, nahitaji na hita, kwa sababu samaki hawa hupenda nyuzi 25 hadi 27. Wewe chota maji yako ya bomba, yaache kwenye pipa lililo wazi huku pampu ya hewa ikiyavuruga siku nzima au mbili ili klorini itoke, basi. Hizo dawa za kurekebisha ugumu wa maji waachie watu wa Dar es Salaam.

Kuna hatari moja ambayo maji yenu yanayo na ya kwetu hayana kwa kiasi hicho. Kinyesi na mabaki ya chakula huzaa amonia, na pH inapokuwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo huwa katika hali yenye sumu. Kiwango ambacho perege wa bwawani angekivumilia kinaweza kumuua Cyprichromis wako. Kwa hiyo usijaze samaki wiki hii. Chujio linahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wapate kuota na kuongezeka. Weka samaki wachache wagumu kwanza, au tia chakula kidogo kila siku ndani ya tangi lisilo na samaki na kupima kwa karatasi za kupimia maji. Mimi sikungoja.

Kuhusu tumbo: nilinunua Tropheus kumi na sita, watoto bado, weusi wenye vitone vyeupe kama anga la usiku, nikawaweka pamoja na compressiceps watatu. Compressiceps walitaka nyama, nami nikawa nawapa maini yaliyosagwa. Tropheus nao wakawa wanayala kwa pupa. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umeumbwa kwa mwani unaokwanguliwa kutwa nzima kidogo kidogo. Baada ya siku kumi wa kwanza alijitenga kwenye kona ya juu, akaacha kula, tumbo likavimba, kinyesi kikawa uzi mweupe. Katika wiki mbili nilizika kumi na mmoja. Huo ugonjwa wa kuvimba tumbo ukishaonekana kwa macho, huwa umechelewa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimtaka Tropheus, mpe chakula cha mboga, chenye spirulina (mwani uliokaushwa), na umweke na wala mboga wenzake. Pia usiwanunue sita. Wakiwa wachache, dume mkubwa humchagua mnyonge mmoja na kumfukuza mpaka afe, kisha huchagua mwingine. Wakiwa ishirini, hasira hugawanyika na hakuna anayepokea yote.

Mwalimu_Ujiji

Salaam kwenu nyote. Nimefuga kwenye matangi madogo kwa muda mrefu, zaidi wale wadogo wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, kwa hiyo sina uzoefu wa lita 720, ila nina uzoefu wa brichardi, ambaye naona hakuna aliyemgusa.

Neolamprologus brichardi ni samaki mzuri kupita kiasi, na mapezi yake yana ncha kama kalamu ya kaligrafia. Anauzwa akiwa na sifa ya upole. Jozi moja ikishataga ndani ya tangi, vifaranga haviondoki. Wakubwa hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao, wakisafisha pango na kuwafukuza wageni, na uzao wa tatu ukitoka wanakuwa ukoo mzima wenye mpaka wake. Kwangu walianza wawili kwenye kona ya kushoto. Baada ya mwaka mmoja Julidochromis wangu walikuwa wanaishi nyuma ya bomba la chujio, kwenye nafasi pana kama kiganja, wakiwa na mapezi yaliyonyofolewa. Ziwani kuna nafasi ya kukimbia. Katika sentimita 200 ukoo huo utafika ukuta wa pili, nakuhakikishia. Ukiwapenda, watafutie tangi lao la lita mia mbili, na utakaa kiti mbele yake jioni nzima ukisahau kupika.

Julidochromis nao chagua aina moja tu. Ukichanganya regani na marlieri watazaliana wao kwa wao, na vifaranga watakaozaliwa hawatakuwa wa aina hii wala ile. Kwa mtu anayetaka kuwaonyesha wageni samaki wa Kigoma, hilo ni kuwadanganya.

Kuhusu mbuna, nakubaliana na Mzamiaji kwa kunyamaza kwake. Mbuna ni wa Ziwa Nyasa, ana ubabe wa aina nyingine na hula kwa kasi ambayo Cyprichromis haiwezi. Isitoshe, mtumishi wako akichoka kuwatunza siku moja atawamwaga ziwani, na sisi tunajua kilichowapata furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, baada ya sangara kupelekwa kule katika miaka ya 1950 na 1960.

Nina tofauti ndogo na Mzamiaji. Kwa ukumbi wa wageni, mimi ningemchagua frontosa peke yake. Mgeni aliyechoka na safari haoni tofauti ya regani na marlieri, lakini samaki mkubwa mwenye nundu kichwani na mistari saba, anayekuja mwenyewe mbele ya kioo kumtazama mtu, huyo hawezi kumpita. Tena ni wachache, kwa hiyo mtunzaji anawajua mmoja mmoja na anagundua mapema asiyekula.

Mzamiaji_Katonga

Mwalimu, sikupingi kuhusu uzuri wake. Nilichoogopa ni kwamba frontosa aliyekamatwa ziwani akiwa mkubwa hukataa kula kwa wiki nyingi, na mfugaji wa mara ya kwanza huingiwa na hofu akaanza kutia dawa ovyo. Akipata vijana waliozaliwa kwenye matangi, naondoa neno langu.

Mapokezi_Mwanga

Wakubwa zangu, nawashukuru sana. Nimesoma mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mke wangu kwa sauti; hadithi ya mkia wa njano imemfanya aseme kwamba frontosa haingii humu ndani. Basi nimefuata ushauri wa Mzamiaji: Cyprichromis, jozi moja ya Julidochromis regani, na compressiceps. Kuhe na mbuna nimewafuta, brichardi nimemwahirisha mpaka nipate tangi dogo.

Yamebaki mambo mawili. Tropheus ninamtaka moyoni. Je, Cyprichromis na Tropheus, bila compressiceps, haiwezekani kabisa? La pili ni umeme. Hapa hukatika, na siku nyingine kwa saa nyingi. Samaki hao ishirini na kitu wanavumilia kiasi gani?

Isevya_Tabora

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa kuwapa wote chakula chenye spirulina, huku Cyprichromis wakiongezewa vijidudu vidogo vya maji kwa kiasi na kwa kuwahi, Tropheus wakiwa upande wa pili wa tangi. Lakini inataka mtu anayelisha mwenyewe kila siku. Ukisafiri ukamwachia kijana wa mapokezi, atatupa chakula kwa ukarimu, na ukarimu huo ndio ulioua wa kwangu. Fuga mwaka mmoja bila Tropheus, halafu uamue.

Umeme: kinachoua kwanza ni kukosekana kwa oksijeni, na maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Nunua pampu ya hewa inayotumia betri, au iunganishe na betri ya sola, moja kila ncha ya tangi. Usiwalishe wakati umeme umekatika. Na umeme ukirudi baada ya saa nyingi, suuza kwanza sponji ya chujio kwenye ndoo yenye maji ya tangi kabla ya kuliwasha, kwa sababu bakteria waliokufa ndani yake wataingia kwa samaki kwa mara moja. Usiisuuze bombani, klorini itawaua na wale waliobaki.

Mwalimu_Ujiji

Ndugu wa Mwanga, mawe uliyapangaje? Nauliza kwa sababu Julidochromis na wenzake huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka mchanga ukiondolewa chini yake. Likiporomoka kwenye kioo, ukumbi wako utakuwa na lita 720 sakafuni.

Mapokezi_Mwanga

Mwalimu, nilikuwa nimemwaga mchanga kwanza. Leo asubuhi tumeutoa wote kwa bakuli, tumetandika kipande cha plastiki kigumu juu ya kioo cha chini, tukayaketisha mawe juu yake moja moja, ndipo mchanga ukarudi. Nimeacha nafasi wazi katikati kama sentimita 80 kwa ajili ya Cyprichromis, na marundo mawili pembeni yasiyogusana. Maji yameanza kuwa meupe kidogo. Nadhani ndiyo hao bakteria.

Mzamiaji_Katonga

Weupe huo utaondoka wenyewe, usibadilishe maji kwa sababu yake. Wakati wa kuingiza, tanguliza compressiceps, kisha Cyprichromis wote kwa siku moja, na Julidochromis awe wa mwisho, ili akute mji umekwisha kujaa na asidhani kwamba wote ni wake. Baada ya hapo badilisha robo ya maji kila wiki. Ukiona jike la Cyprichromis koo limetuna na hali chakula, usimguse. Anaatamia mayai mdomoni, na wiki tatu hivi baadaye atatema vifaranga karibu na uso wa maji.

Jambo la mwisho: hujataja kifuniko. Cyprichromis akishtuliwa na taa huruka, na nimewaokota wengi sakafuni wakiwa wamekauka. Mwambie fundi akate kioo cha juu kabla hujaleta samaki hata mmoja, na taa ya tangi izimwe kabla ya ile ya ukumbi, isiwe giza ghafla.

Mapokezi_Mwanga

Kweli, kifuniko sikukitaja kwa sababu sikuwa nacho. Fundi anakuja kesho saa nne kuchukua vipimo.